Printa ya Bia

Mikono yetu aliifunika kwa kitambaa cheusi. Kilikuwa na kamba mbili za kufunga shingoni, upande wa pili unalazwa juu ya mashine ya taipu, na vidole vyako vinabaki gizani vikitafuta herufi vyenyewe. Ukichungulia unapigwa kofi la begani, la kukumbusha tu. "Macho ni ya kusomea," alikuwa akisema. "Kuandika ni kazi ya vidole. Usivichanganye." Miaka imepita, mgongo sasa unaniuma nikikaa nusu saa mbele ya kompyuta, na sauti ile bado haijaniacha nipumzike.

Raskazone nzima, mtaa wetu wa Tanga, ilimwita Mwalimu wa Taipu. Mbele yake, Mwalimu tu. Jina lake nalijua na silitaji, maana hata yeye alilitumia kwenye kitabu cha kliniki, basi. Nilifika kwake kutoka Muheza nimemaliza kidato cha nne, nijifunze miezi sita. Nilikaa miaka tisa. Sikupanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, Mtang'ata hasa wa pwani, na mimi kwa kuwa ni Mbondei alinitania asubuhi na jioni. "Mbondei weye, hii nafasi baada ya nukta umemwachia nani?" Nikimjibu alicheka mpaka akakohoa, halafu kosa lile lile akalizungushia duara jekundu.

Kalamu nyekundu hiyo ndiyo aliyojulikana kwayo. Watu walileta mialiko, wosia, maombi ya kazi, barua za kuomba uhamisho, wakakaa kwenye benchi la baraza wakisubiri. Sisi wasichana tuliandika chumba cha nyuma, naye alikaa chumba cha mbele, na kila karatasi ilipita mkononi mwake kabla haijamfikia mwenyewe. Aliisoma yote. Akikuta kosa, duara, na karatasi inarudi nyuma kuandikwa upya, mteja apende asipende. "Karatasi yenye kosa haitoki nyumba hii." Ilikuwa sheria. Aliitaja mara nyingi hata wateja wakaanza kuitamka pamoja naye, wakimkejeli, naye akajidai hasikii.

Mwanafunzi aliyeweza kuandika ukurasa mzima chini ya kitambaa bila kosa hata moja alipewa barua. Mistari miwili tu, yenye sahihi ya wino mwekundu, na maofisi ya mjini yaliiheshimu kuliko cheti cha chuo. Mimi sikuipata. Miaka tisa! Kila nilipojaribu palikuwa na kosa moja, mkato ulioruka au herufi iliyojirudia. Nilimwambia siku moja kwa hasira, "Mwalimu, kosa moja tu hilo." Akanitazama juu ya miwani. "Moja ni kosa." Nikaenda kulia uani, kwa kweli nililia, na aliporudi kutoka kuswali alinikuta na akanipa andazi. Barua hakunipa.

Alitufundisha kwamba karani haoni habari, anaona herufi tu. Barua ya mtu si yako, unaiandika na kuisahau. Lakini yeye aliona kila habari na hakusahau hata moja. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuja kuandikiwa ombi la kuacha kazi kwa ugonjwa, ugonjwa ambao hata mkewe hakuwa amemwambia. Mwalimu aliisoma, akarekebisha nukta mbili, akairudisha nyuma. Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa bakuli la mchuzi wa samaki lilikwenda nyumba ile, na mke wa mzee alikuja kuniuliza mimi, "Mwalimu wenu ana nini na sisi?" Nikasema sijui. Nilikuwa nimeiandika mimi barua ile. Mh, kazi ya ukarani ni kubeba.

Zile zama za foleni Mwalimu alikuwa karani mkuu wa shirika moja la umma pale Tanga. Hadithi zake za wakati ule zilikuwa za utepe na kaboni. Utepe wa taipu ulikuwa haupatikani, basi aliuloweka kwa tone la mafuta, akaukausha, akautumia tena mpaka ukawa na matundu. Karatasi waliandika pande mbili. Chai walikunywa na kipande cha tende, maana sukari ilikuwa ya kupanga foleni alfajiri na pengine ufike dirishani uambiwe imekwisha. Kwa hiyo ilipofika ruksa ya kuingiza bidhaa na maduka yakajaa, aliweka vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, mpaka siku zetu. "Nalipiza," alisema. Tulicheka. Laiti tungejua, tungemnyang'anya kijiko.

Shirika lilipouzwa, aliyeandika barua za kuwapunguza wenzake kazi ni yeye. Siku tatu aliandika, jina baada ya jina, watu aliokula nao ubwabwa miaka kumi na mingapi. Ya mwisho kwenye rundo ilikuwa yake. Akaiandika vile vile kama rasimu ilivyotoka kwa meneja, akaisoma, akakuta meneja amekosea mwaka wa kuajiriwa kwake. Akauzungushia nyekundu, akairudisha ofisini kwa meneja, akasubiri irekebishwe, ndipo akasaini kwamba ameipokea. Akaondoka na taipu mbili kuukuu. Kisa hiki alikisimulia bila uchungu, na kwa hilo kilinichosha mimi niliyesikiliza.

Kompyuta zilikuja baadaye, mbili, za mitumba, alizoletewa na mpwa wake kutoka Dubai pamoja na printa moja. Stesheneri zilikuwa zinafunguliwa mjini kila mwezi na taipu zilikuwa zinakufa, na wasichana wengine walikwisha kuondoka na barua zao, nikabaki mimi. Kompyuta moja ikawekwa kwangu nyuma, nyingine kwake mbele, na printa mezani pake, maana hakuna karatasi ya kuchapwa mbali na macho yake. Basi kazi ikawa hivi: naandika barua, naitia kwenye flopi, nainuka, napita ukumbi, naipachika kwenye kompyuta yake, nafungua, nachapa, narudi. Mara thelathini kwa siku. Na flopi za pwani zinaota ukungu. Unafika mbele, mashine inakwambia haisomi, unarudi nyuma na nyingine. Nilimwomba tutafute fundi aziunganishe. "Miguu yako ndiyo waya," alinijibu. Alikataa mwaka mzima.

Ghafla siku moja akasema muite huyo fundi. Sikujiuliza kwa nini. Nilifurahi kwa ajili ya magoti yangu tu.

Fundi alikuwa Mpemba mmoja, mtulivu, mwenye kibanda cha kutengeneza redio Ngamiani aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, baba. Vua viatu." Ukuta wa nyumba zile za zamani hautoboki kwa keekee ya kawaida, mawe matupu, kwa hiyo waya aliupitisha dirisha la nyuma, akauzungusha barazani, akauingiza dirisha la mbele. Akaweka kadi ndani ya kila kompyuta, akazipa kila moja jina na namba, na zote mbili akaziandika katika kundi moja ili zijuane. Kisha akasema, "Sasa Mwalimu, hapa tunashea folda na printa. Faili akiliweka binti kule nyuma, wewe utaliona hapa hapa. Naye akitaka kuchapa, anachapa kutoka kule."

"Tunafanyaje?"

"Tunashea."

"Kiswahili kimekufa lini?" Akafikiri kidogo. Neno ushirika hakulitaka, alisema limemtesa kwenye foleni za kutosha. Kisha uso ukamchanuka. "Bia," akasema. "Chakula cha bia si cha wote waliochangia? Chombo cha bia si cha nyumba nzima? Hiyo folda iite Bia. Na hiyo printa ni printa ya bia."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mwalimu, mimi siandiki bia."

"Andika. Mungu anajua Kiswahili."

Akaandika, huku akisema astaghafirullah chini kwa chini. Lakini haikufanya kazi. Kompyuta ya mbele haikuiona ya nyuma wala ya nyuma haikuiona ya mbele. Alasiri nzima fundi alihangaika, akachomoa kadi, akairudisha, akabadili waya, jasho likimtiririka. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake. Hatimaye akasema, "Nisomee hilo jina la kundi. Herufi kwa herufi." Fundi akasoma ya mbele: R, A, S, K, A, Z, O, N, E. "Binti, soma ya huko." Nikasoma ya nyuma kwa sauti, na nilipofika N herufi zikaisha. Ile E haikuwapo. "Haya," akasema Mwalimu. "Moja ni kosa." Fundi alicheka kwa aibu, akaongeza E, na zikaonana. Ilipochapwa karatasi ya kwanza kutoka chumba cha nyuma nilipiga kigelegele, na miguu yangu ikanishukuru. Kwa nini mtu mwenye macho anasomewa herufi tisa zilizo mbele yake, hilo sikulifikiri hata kidogo. Nilidhani ni ukali wake wa siku zote.

Siku hiyo hiyo alibandika tangazo mlangoni, kubwa, la herufi nene: PRINTA YA BIA IPO HAPA. Alitaka wenye kompyuta mtaani wajue wanaweza kuja na flopi zao wachape. Loo! Kesho yake alikuja kijana na kreti la chupa tupu. Mwingine akasimama barazani akauliza kwa adabu kabisa kama ya baridi ipo. Jirani yetu, mke wa imamu, hakutuamkia siku nne. Mwalimu alikasirika, si na wao, na lugha. "Neno la babu zetu limelewa," alisema, akalibandua tangazo. Folda hakuibadili jina. Mpaka leo, mtu akitaja kushea, mimi moyoni nasema bia.

Na waya ule ulitupa vituko. Mke huyo huyo wa imamu, tulipopatana, aliona kamba nzuri imepita barazani akaanika kanga mbili mbichi. Waya ukachomoka, printa ikazira, na mimi nikaanza kufungua mashine kutafuta ugonjwa.

Sasa nifike nilipokuwa sitaki kufika. Miezi michache baada ya kuunganishwa, alikuja katibu wa madrasa kuchukua mwaliko wa maulidi, ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeuweka kwenye Bia ili Mwalimu ausome kwenye kompyuta yake, ndivyo alivyotaka siku hizo, asome kwenye kioo kwanza. Aliposema "Chapa," nikachapa kutoka nyuma. Nikaisikia printa inachapa, inachapa, inachapa, haiachi. Nilipokwenda mbele nikamkuta katibu ameshika karatasi kumi na tano, na kila moja ina maneno manne au matano, makubwa kama ya bango la uwanja wa mpira. Mwalimu alikuwa ameinama chini ya meza, anajifanya ameangusha kitu.

Niliiombea radhi mashine. Nikamwambia katibu imeingiwa na virusi, akakubali, maana siku hizo virusi vilikubaliwa na kila mtu. Alipoondoka nilifungua mafaili yote ya Bia, moja moja. Kila aliloligusa yeye lilikuwa limekuzwa herufi, mengine kakumbuka kuyarudisha, mengine kasahau. Ndipo nikajua kwa nini fundi aliitwa. Karatasi ilikuwa imemshinda. Karatasi huwezi kuikuza.

"Tangu lini, Mwalimu?"

Hakuinuka kwenye kiti. "Sukari," alisema. "Wameniambia kliniki. Inapanda machoni." Halafu akauliza, "Mpiga taipu asiyeona, nani atamletea barua? Weye ungemletea?"

Nikasema ningemletea. Alijua nadanganya, nami nilijua amejua.

Basi tukafanya mapatano bila kuyatamka. Mimi naandika, naiweka Bia. Yeye anakuza, anasoma, ananiita kwa kosa: "Mstari wa sita, neno la tatu!" Mimi narekebisha, napunguza herufi, ndipo nachapa. Na ili wateja waone kalamu inafanya kazi, kila siku tuliacha kosa moja la makusudi kwenye karatasi moja. Nikiileta mezani nilikuwa naweka kidole gumba changu pembeni mwa mstari wenye kosa, naye anashuka na kalamu kando ya kidole changu na kuzungusha duara mbele ya benchi zima. Watu walitikisa vichwa. "Mama huyu haponyokwi na kitu!" Miaka mitatu tulifanya hivyo. Mwaka wa kwanza duara lilikaa juu ya neno. Mwaka wa tatu lilikaa pembeni mwa karatasi, nami nikawa naiwahi karatasi kuichukua kabla mteja hajaiona.

Nilichoka. Nitalisema hivyo hivyo, silipambi. Nilichoka kukuza na kupunguza, nilichoka kudanganya kwa kidole gumba, na mume niliyempata alikuwa Pangani akinisubiri, na ofisi moja kule ilitaka karani. Nilipomwambia nakwenda, aliuliza kitu kimoja tu. "Huko mna printa ngapi?" Nikasema kila ofisi yake. "Uchoyo," akasema.

Nilijua ninachofanya nilipoondoka. Siku zisizozidi wiki mbili, barua ya mtu ilitoka imekuzwa, mbele ya benchi zima, na hapakuwa na wa kusingizia virusi. Benchi likapungua mtu mmoja mmoja, likabaki tupu. Habari nilizipata kwa watu, na kila mara nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka minne.

Nilipokwenda, nilikuta benchi limeingizwa ndani. Alikuwa kwenye kiti chake kile kile, mwembamba, miwani hana tena, ya nini. "Shikamoo Mwalimu." Akageuza uso upande wa sauti. "Marahaba. Mbondei." Akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, kisha akavisugua vyake mwenyewe. "Vyangu vimekufa ganzi ncha. Sukari haikutosheka na macho." Printa ilikuwa pale pale chini ya kitambaa. Kompyuta zote mbili zilikuwa hai. Alisema mpwa wake huziwasha kila Jumamosi zisife. Waya ulikuwa bado barazani, na kanga juu yake.

Tukanywa chai isiyo na sukari, na tende. Kisha akaniambia nimfungulie ukurasa mpya na nitoke. "Nenda kakae kwako nyuma." Nilikaa chumba cha nyuma nikisikiliza vidole vyake. Havikusita. Mwendo ulikuwa ule ule wa zamani, sawasawa, bila kurudi nyuma hata mara moja. Akaniita. "Hifadhi kwenye Bia. Usisome hapa, mwanafunzi hasomi mgongoni kwangu." Nikahifadhi, macho yangu yakiwa ukutani, kwa vidole tu, kama alivyonifundisha. Nikarudi nyuma, nikafungua folda, nikafungua faili.

Mstari wa kwanza ulianza na "jiui". Sikuelewa kitu. Mstari wa pili ulikuwa neno moja: "jslpdro". Nilidhani kompyuta imeharibika, nikatazama waya. Halafu nikaweka mikono yangu juu ya herufi, na mikono ikajua kabla yangu. Vile vinundu viwili vidogo vinavyoonyesha vidole pa kuanzia, ncha zake zilizokufa hazikuvisikia. Aliweka mikono yote miwili kibonyezo kimoja kulia kuliko panapostahili, na akaandika barua nzima bila kosa, ila kila herufi ilikuwa jirani wa herufi aliyoitaka.

"Mbona kimya?" aliita kutoka mbele. "Siku hizi hujui kusoma?"

Nikairudisha kila herufi kushoto, moja moja, huku machozi yakinitoka, nikasoma kwa sauti ya kufika chumba cha mbele. "Huyu nimemfundisha mimi. Hakosei."

"Kuna kosa?"

Ningeweza kuiandika upya. Ni dakika moja. Miaka mitatu nilikuwa nimeyasafisha maandishi yake ili watu wasimjue, na mkono tayari ulikuwa umekwenda kwenye kitufe cha kufuta. Nikauondoa. Hii ilikuwa yangu, na mimi namjua.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi chapa."

Nikachapa kutoka nyuma, nikaisikia printa ya bia ikiamka mbele. Nilipofika alikuwa ameshaitoa karatasi na kuilaza mezani, ameiweka juu chini. Sikuigeuza. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akauliza chini ni wapi, nikaweka kidole gumba changu pembeni. Akashuka nacho, akasaini. Nusu ya jina iliangukia karatasi na nusu ikaangukia kitambaa cha meza.

Akanipa. Nikaikunja mara mbili, nikaitia kwenye pochi, nikamuaga, nikapita mlangoni na karatasi yenye kosa.